Kuacha Kula Nyama: Maswali na Majibu Yake

Twamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetuhalalishia vilivyo vizuri na akatukataza vilivyo viovu, na twamuomba amrehemu na ampe amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na Masahaba zake, na wote waliowafuata kwa wema. Ama baada ya hayo.

Tumeletewa maswali mengi katika darsa zetu za baada ya Isha juu ya watu walioacha kula nyama. Zamani jambo hili tukilijua kwa jirani zetu Mabaniani tu. Leo limeingia katika nyumba za Waislamu. Wako walioacha nyama na samaki wakabaki na maziwa na mayai. Na wako walioacha kila kitu kitokacho kwa mnyama, hata samli na asali. Wako walioacha kwa amri ya daktari, wako walioacha kwa kumhurumia mnyama, na wako walioacha kwa kuwa bei ya nyama imewashinda, ijapokuwa hawa wa mwisho hakuna awaulizaye kitu.

Tusingelichukua kurasa hizi kwa ajili ya chakula lau kuwa jambo lenyewe halikuanza kuvunja nyumba za watu. Baba mmoja ametuuliza kama yamfalia kula sahani moja na mwanawe aliyeacha nyama, kwani jirani zake wamemwambia kuwa kijana huyo ametoka katika Uislamu. Na mama mmoja ametulalamikia kuwa binti yake humwambia mbele ya wageni kuwa chungu chake ni chungu cha dhuluma. Watu hawa wawili wako mbalimbali kama mashariki na magharibi, lakini waliowatia katika dhiki wamefanya kosa moja, nalo ni kuchukua haki isiyokuwa yao. Kuhalalisha na kuharimisha ni haki ya Mwenyezi Mungu peke yake. Kula au kuacha katika yale aliyoyahalalisha ni hiari ya mja. Mwenye kuyachanganya mambo haya mawili amekosea, awe ni mla nyama au asiyekula.

Sasa tutayatazama maswali, moja baada ya moja.

SWALI LA KWANZA: Je, Muislamu asiyekula nyama hutoka katika dini?

Jawabu: La, hatoki. Nguzo za Uislamu zajulikana na watoto wa chuoni, na kula nyama si katika hizo. Tena hatukuona katika madhehebu yoyote mwanachuoni aliyesema kuwa kula nyama ni wajibu juu ya kila Muislamu.

Na tuna dalili iliyo wazi kuliko jua la mchana. Mtume (S.A.W.) aliletewa nyama ya kuchoma ya dhabu, naye ni mnyama wa jangwani katika jamii ya mijusi. Alipoambiwa ni kitu gani, aliuondoa mkono wake. Khalid bin Walid akamuuliza kama ni haramu. Akamjibu kuwa si haramu, ila hakikuwa katika nchi ya watu wake, na nafsi yake haikipendi. Khalid akaivuta nyama ile akaila, na Mtume akimtazama. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim. Ndugu zetu, itazameni vizuri. Katika sahani moja pana mtu aliyekula na pana mtu aliyeacha. Aliyeacha hakumharimishia mwenziwe, wala aliyekula hakumlaumu aliyeacha. Na aliyeacha ni nani? Ni mbora wa viumbe.

Tena Abu Huraira amesimulia kuwa Mtume hakupata kukitia ila chakula hata siku moja. Akikipenda alikila, na asipokipenda alikiacha. Na Bibi Aisha alimhadithia Urwa, mtoto wa dada yake, kuwa walikuwa wakiona miandamo mitatu ya mwezi katika miezi miwili na moto haujawashwa katika nyumba za Mtume; chakula chao kilikuwa ni tende na maji, na maziwa waliyopelekewa na jirani zao wa Kiansari. Basi lau kuwa imani hupungua kwa kukosa nyama, twawaogopea waliosema hivyo, kwani hawajui wamemhukumu nani.

Wako wanaoshika maneno yanayosemwa kuwa nyama ndiyo bwana wa vyakula, wakayafanya ni amri. Twawajuvya kuwa Hadithi hiyo maulamaa wa Hadithi wameitia katika zilizo dhaifu. Na lau ingelikuwa sahihi, sifa ya chakula si faradhi ya kukila. Mtume ameisifu siki pia, katika Hadithi iliyo sahihi, wala hatukumuona mtu akitolewa katika dini kwa kutokula siki.

Basi jawabu letu kwa baba aliyetuandikia ni hili: kaa na mwanao, kula naye, na usiikate damu yako kwa ajili ya kitoweo. Aliyemwita mwanao kafiri ndiye apasiwaye kutubu, kwani neno hilo Mtume amelionya kwa onyo kali.

SWALI LA PILI: Je, yafaa Muislamu kuitakidi kuwa kula nyama ni dhambi?

Jawabu: Haifai. Hapa ndipo palipo na khatari kwa upande wa pili. Mwenyezi Mungu ametukataza, katika Sura ya Al-Maida aya ya 87, kujiharimishia vizuri alivyotuhalalishia, na hapo hapo akatukataza kuruka mipaka. Na imepokewa katika Sahihi Muslim kuwa baadhi ya Masahaba, kwa kutaka kuzidi katika ibada, mmoja wao alisema hataoa, mwengine akasema hatakula nyama, na mwengine akasema hatalala juu ya tandiko. Mtume alipopata habari aliwakataza, akawaeleza kuwa yeye huswali na hulala, hufunga na hufungua, na huoa wanawake, na mwenye kuipa mgongo njia yake si katika yeye. Angalieni kuwa walilaumiwa kwa kuifanya njia yao kuwa ndiyo dini bora kuliko njia ya Mtume. Hawakulaumiwa kwa kula kunde.

Na maziwa na asali ambavyo wengine wameviacha, Mwenyezi Mungu amevitaja vyote viwili katika Sura ya An-Nahl kuwa ni katika neema zake, na asali akaieleza kuwa ina ponyo. Mtu asipovipenda asivile. Lakini asiseme kuwa ni wizi au dhuluma, kwani maneno hayo humrudia aliyetupa.

Tena mwenye kusema kuwa kula nyama ni uovu kwa watu wote wa dunia, naatazame kaskazini ya nchi yetu. Ndugu zetu wa Garissa, Wajir, Mandera, Marsabit na Isiolo wengi wao ni wafugaji. Ardhi yao ina mvua chache. Pahali pengi haioti mahindi wala maharagwe, huota majani ya ngamia na mbuzi. Mnyama hula asichoweza kukila binadamu, akampa binadamu maziwa na nyama. Katika ukame wa mwaka 2020 hadi 2023 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na wanyama walipokufa, watu walikaa na njaa. Je, hawa tutawaambia kuwa maisha ya baba zao ni dhambi? Sheria ya Mwenyezi Mungu imewekwa kwa mtu wa shamba, na wa jangwani, na wa pwani, na wa mjini, na kila mmoja amepata nafasi yake ndani yake.

Wala jambo hili halikuanza jana. Mshairi kipofu wa Sham, Abu'l-Ala al-Maarri, aliyekufa mwaka 449 wa Hijra (1057), alikaa zaidi ya miaka 40 hali nyama, wala mayai, wala maziwa, wala asali. Al-Muayyad ash-Shirazi, mkuu wa walinganiaji wa dola ya Fatimiya huko Misri, alimwandikia barua akamtaka aeleze sababu zake, naye akamjibu, na katika sababu alizozitaja ni uchache wa kipato chake. Itikadi ya mshairi huyo imesemwa mengi, na hayo si maudhui yetu leo. Tulichotaka ni kuonyesha kuwa watu hawa wawili walihojiana kwa kalamu na hoja. Sisi leo twahojiana kwa kususiana.

Basi twamwambia yule binti: huruma yako kwa mnyama ni njema, lakini mama yako ana haki zaidi ya huruma hiyo. Mwenyezi Mungu amekukataza kumwambia mzazi hata neno dogo la kuchukiwa. Itakuwaje umwite dhalimu mbele ya wageni, na chungu hicho ndicho kilichokulea?

SWALI LA TATU: Je, kuchinja mnyama si ukatili?

Jawabu: Kuchinja kwa mujibu wa Sheria si ukatili. Lakini twauliza nasi: je, sisi twachinja kwa mujibu wa Sheria? Mtume ametufundisha, katika Hadithi ya Shaddad bin Aus iliyo katika Sahihi Muslim, kuwa wema umewajibishwa katika kila jambo, hata katika kuchinja. Kisu kinolewe na mnyama apumzishwe. Na alipomuona mtu amemlaza mnyama naye anakinoa kisu mbele ya macho yake, alimkemea kuwa anataka kumuua mara mbili. Amewalaani wenye kumfanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha, na amekataza kumtia mnyama alama ya moto usoni. Amekataza hata nyama na maziwa ya mnyama aliyezoea kula uchafu, mpaka azuiliwe na atwaharike.

Sasa tutoke tutazame masoko yetu. Kuku hufungwa miguu kumi kumi, wakaning'inizwa vichwa chini kwenye baiskeli, wakapita juani kutwa nzima. Mbuzi hupangwa garini mmoja juu ya mwengine, wakafika machinjoni wengine wamevunjika miguu. Mchinjaji hupitisha kisu butu, mwenziwe akingali akitazama, na baadaye husemwa kuwa nyama hii ni halali kwa kuwa limetajwa jina la Mwenyezi Mungu. Naam, jina limetajwa. Lakini mafunzo ya mwenye jina hilo yako wapi? Kijana akiyaona hayo akaingiwa na huruma akaacha nyama, sisi ndio tuliomfukuza. Ni aibu mtu kuja kutukumbusha kwa lugha ya kigeni jambo ambalo Mtume wetu alitufundisha zaidi ya miaka 1,400 iliyopita.

SWALI LA NNE: Je, kuacha nyama si kujifananisha na Mabaniani? Na je, yafaa kula katika mikahawa yao?

Jawabu: Kujifananisha kulikokatazwa ni kuwafuata watu katika mambo yaliyo alama ya dini yao. Mwenye kuacha nyama kwa kuitakidi kuwa roho za watu huhamia katika wanyama, huyo ameingia katika itikadi isiyokuwa yetu. Ama mwenye kuacha kwa afya yake, au kwa uchache wa mali yake, au kwa kuwa moyo wake haupendi, hana alichojifananisha nacho. Wali kwa mchicha wa nazi si dini ya mtu.

Ama mikahawa yao, kilichokatazwa ni nyama iliyochinjwa na asiyekuwa Muislamu wala katika watu wa Kitabu. Nafaka, mboga na matunda asili yake ni halali, yapikwe na yeyote, maadamu vyombo ni safi na hapana najisi. Lakini tahadharini na jambo moja. Wengi siku hizi wakisoma kuwa chakula hakina nyama hudhani kimekwisha kuwa halali. Sivyo. Chakula chaweza kukosa nyama na kikatiwa mvinyo. Neno la kutokuwa na nyama ni habari ya mpishi, na neno la halali ni hukumu ya Sheria, na haya mawili hayalingani kila mara.

SWALI LA TANO: Asiyekula nyama atafanyaje katika Idi ya kuchinja na katika karamu za harusi?

Jawabu: Katika madhehebu yetu ya Kishafii, kuchinja katika Idi ni suna iliyotiliwa nguvu, wala si wajibu ila kwa aliyeweka nadhiri. Imepokewa kuwa Sayyidna Abubakar na Sayyidna Umar walikuwa pengine wakiacha kuchinja ili watu wasije wakaitakidi kuwa ni wajibu. Lakini mwenye uwezo haimpendezei kuiacha suna hii kwa sababu tu yeye hali nyama. Achinje, au amwakilishe mwengine amchinjie, na asiyoila awape maskini. Imamu Nawawi amesema kuwa lililo bora ni kuitoa sadaka yote ila matonge machache ya kutabaruku. Basi asiyekula amelikaribia jambo hilo bora bila ya taabu. Na Mwenyezi Mungu amekwisha kutueleza katika Sura ya Al-Hajj kuwa nyama na damu zake hazimfikii yeye. Kimfikiacho ni ucha-Mungu wetu.

Ama karamu ya harusi, aliyealikwa na aitikie, kwani kuitikia ni haki ya Muislamu juu ya nduguye. Lakini kuitikia ni kitu kimoja na kula ni kitu chengine. Hadithi ya Jabir iliyo katika Sahihi Muslim imembainishia aliyealikwa kuwa akitaka atakula, na akitaka ataacha. Basi mgeni asiifanye biriani ya watu kuwa mimbari ya kuhutubia, wala mwenyeji asimlazimishe mgeni wake kwa viapo. Sahani ya wali mweupe na kachumbari haijapata kuvunja harusi ya mtu.

SWALI LA SITA: Je, matanga yafaa bila nyama?

Jawabu: Swali hili ametuletea mjane mmoja, nasi twaliona ni zito kuliko yote yaliyotangulia. Amefiwa na mumewe na hana kitu, na jamaa wamemwambia kuwa hitima bila mbuzi ni aibu, basi akopeshwe.

Ewe ndugu Muislamu, alipouawa Jaafar bin Abi Talib katika vita vya Muta, mwaka wa 8 wa Hijra (629), Mtume aliwaamrisha watu wawapikie jamaa za Jaafar, kwa kuwa wamefikiwa na jambo la kuwashughulisha. Suna ni jirani kuwapikia wafiwa. Sisi tumeipindua, wafiwa ndio wapikao, na jirani ndio wanaokuja kula. Mayatima hawajakauka machozi, na mali yao imekwisha kuingia katika sufuria la watu wazima. Mwenyezi Mungu amewaonya walao mali ya mayatima kwa dhuluma kuwa walacho matumboni mwao ni moto. Basi huyu anayemcheka kijana asiyekula nyama, je, hakuiogopa nyama hii?

Imamu Malik amepokea katika Muwatta kuwa Sayyidna Umar alikuwa akiwaonya watu na nyama, kuwa ina uzoevu unaomshika mtu kama uzoevu wa ulevi. Na alipomuona Jabir bin Abdillahi amechukua nyama aliyoitamani, alimuuliza kama hataki kulinyima tumbo lake kidogo kwa ajili ya jirani yake na mtoto wa ami yake. Umar hakuiharimisha nyama. Aliiogopea mioyo ya watu isitawaliwe nayo.

Twamwambia mjane: usikope. Huna deni juu ya maiti wako la kumchinjia mbuzi. Muombee dua, mlipie madeni yake katika alichokiacha, na milango yako ifunge.

SWALI LA SABA: Je, mwili wa binadamu waweza kukaa bila nyama?

Jawabu: Waweza, kwa mtu anayejua alifanyalo. Kunde, mbaazi, maharagwe, pojo, dengu na njugu zina chakula cha kujenga mwili, na zikiliwa pamoja na nafaka, kama wali au sima, hukamilishana. Wazee wetu waliokula mbaazi za nazi kwa mahamri hawakudhurika. Mboga za majani zina madini ya chuma, na kukamulia ndimu husaidia mwili kuyapokea. Chai nayo yafaa kungojwa kidogo baada ya chakula, kwani huyazuilia.

Lakini iko vitamini moja, iitwayo B12, ambayo haipatikani katika mimea kwa kiasi cha kutegemewa. Mwenye kunywa maziwa na kula mayai huipata huko. Mwenye kuacha vyote hana budi kuitafuta katika vidonge au katika vyakula vilivyotiwa vitamini hiyo. Ikikosekana huharibu damu na mishipa ya fahamu, na upungufu wake waweza kujificha miaka kadhaa kabla ya kudhihiri. Mwanamke mwenye mimba au anyonyeshaye asilifanyie mzaha jambo hili, kwani atakayedhurika ni mtoto asiyekuwa na hiari. Na vidonge hivyo navyo vitazamwe, kwani baadhi yake vimefunikwa kwa jelatini, nayo hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, pengine nguruwe.

Na kwa upande wa pili, mla nyama asijione amesalimika. Mwaka 2015 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliitia nyama iliyosindikwa, mfano wa soseji, katika vitu vinavyosababisha saratani, na nyama nyekundu katika vitu vinavyodhaniwa kuwa vyaweza kuisababisha. Daktari akimkataza mtu nyama, kumtii ni katika kuuhifadhi mwili, nao ni amana. Amekosa anayeudhuru mwili wake kwa kula, na amekosa anayeudhuru kwa kuacha.

HITIMISHO

Ndugu zetu, mwenye kuacha nyama na aache, lakini aseme kuwa hii ni hiari yangu, asiseme kuwa hii ni dini ya Mwenyezi Mungu. Aliyekwisha kuapa kwa jina lake kuwa hatakula, kisha akahitaji kula, njia iko wazi: ale na atoe kafara ya kiapo. Na mwenye kula na ale kwa shukurani na kiasi, na aulize mnyama yule alichinjwaje, na jirani yake amelala na nini. Siku ya Kiyama hatutaulizwa kwa nini hatukula nyama. Tutaulizwa juu ya jamaa tuliyemkata, na yatima tuliyekula mali yake, na kiumbe tulichokitesa bila haki, na neno la ukafiri tulilomrushia Muislamu mwenzetu.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atutosheleze kwa halali yake, aihifadhi mioyo yetu na matumbo yetu, na atuunganishe wala asitutenganishe. Amin.